Kitabu Kilichofungia Karanga

Juzi sokoni Kalerwe niliuziwa karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa kitabu. Harufu ya karatasi iliyolowa mafuta ikanipandishia hasira ya utotoni, ya kule kambi ya polisi.

Tulikuwa tumemzika baba, askari, na mama alishatangulia. Dada yangu alikuwa akitusomea kitabu cha mayatima waliomfungia mjomba wao mlafi ndani ya pipa la unga. Tulicheka mpaka machozi.

Majirani wawili, wake wa askari, wakatokea mlangoni. Mmoja akafoka, "Banange, jamani! Kitabu gani hiki cha kucheka yatima?"

"Waache, mama," mwenzake akamwambia. "Hawajalia vya kutosha?"

Wakabishana juu ya vichwa vyetu, wala hakuna aliyetuuliza sisi, mayatima wenyewe! Yule wa kwanza akakinyakua kitabu, akaenda kuchana kurasa afungie karanga zake za kuuza. Eti ametuhurumia.

Kambini, askari akifa, nyumba hupewa askari mwingine. Yetu ilipewa mume wa yule aliyetunyang'anya kitabu. Jumamosi iliyofuata huyo mama mwenye huruma alikuja na kamba kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake, sisi bado tumo ndani. Akamwamuru dada yangu amshikie ncha ya kamba.