Kikombe cha Dirishani

Habari za msiba zilinifikia asubuhi nikitoka zamu: yule mzee Mtamil wa mtaa wa Castle Vale huku Uingereza, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akitutafsiria filamu, amefariki dunia. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda mkashangaa nikimlilia mtu ambaye hata kwake sikuwahi kufika. Namlilia, na sioni haya.

Majira ya baridi yaliyofuata Waasia kufukuzwa Uganda, tulikuwa tukikodi ukumbi wa sinema Jumapili asubuhi, kabla Waingereza hawajaamka vizuri. Siku moja ililetwa filamu ya Kitamil, habari za vibarua wa tabaka la chini wanaomgomea bwana wao wa shamba. Ukumbi ulijaa Wagujarati na Wapunjabi wa Kenya na Uganda, nasi wauguzi Wakenya wachache tulikaa nyuma. Kitamil hatukukijua; lugha iliyotukutanisha wote ilikuwa Kiswahili. Basi mzee akasimama kando ya pazia akatafsiri, akibadilisha sauti kwa kila mwigizaji. Alikuwa mjane, kibarua wa kiwanda cha magari, na Jumapili zile ndizo zilizomtoa katika upweke wa ghorofa yake.

Mwigizaji wa bwana shamba hakupiga kelele hata mara moja. Alinong'ona akitabasamu, na ndiyo maana tulimwogopa. Aliyeigiza kibarua mkongwe alikinga viganja kunywa maji yaliyomwagwa kutoka juu, chombo kisije kikaguswa na midomo yake, wala hakuthubutu kuinua macho. Akina mama walilia. Kisha kibarua akaomba chai, na bwana akamjibu kwa tusi la tabaka lisilo na maana yoyote kwetu. Mtafsiri, kwa sauti ileile ya upole, akasema: "Boi, kikombe chako kiko dirishani."

Kilio kikakatika. Nani aliyeishi katika nyumba za Waasia za Nairobi asiyelijua dirisha hilo la jikoni, na kikombe cha bati cha mtumishi kisichochanganywa na vya wenye nyumba? Mama yangu alikuwa yaya katika nyumba ya namna hiyo, na habari za kikombe chake nilikuwa nimemsimulia mzee ndani ya basi. Nilisikia uchungu na furaha pamoja.

"Umetu-shame mbele ya watoto!" mwenyekiti wa kamati ya sinema zetu alimfokea mlangoni, mkewe amegeuza uso. "Next Sunday utasema sorry, ama husimami hapa tena."

"Filamu ndiyo imesema, bhai. Mimi nimeifikisha tu mpaka jikoni."

Hakuomba radhi, na hakuitwa tena. Zikaletwa filamu za Kihindi zisizohitaji mtafsiri. Nilipokutana naye baadaye nikaisifu ile sauti ya bwana shamba, alitikisa kichwa. "Hiyo ni voice ya babu yangu, sister. Sisi tulikuwa watu wa kumwaga maji, si wa kukinga." Nyani haoni kundule, husema wahenga, lakini huyu alianza kwa kulitazama la kwake.

Jumamosi, baada ya mwili kuteketezwa kwa desturi yao, tulikusanyika kwa binamu yake, mtaa wa Bordesley Green. Aliyegawa chai alikuwa mke wa mwenyekiti yule. Alinipa bilauri sawa na za wote, akaketi kando yangu.

"Boi wetu alitupikia tangu mtoto wa kwanza mpaka siku ya ndege," akasema. "Hata airport alilia. Jina lake sijui. I never asked." Nikamwambia kuwa mama yangu alikuwa yaya katika nyumba ya namna hiyo. Akanitazama. "Mama yako anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia taratibu mpaka akaliweza.

Ni rahisi kumlilia mnyonge wa sinema, kwani hatatuuliza lolote. Marehemu alizitoa Jumapili zake ili tumlilie aliyesimama jikoni mwetu. Msomaji, kama nyumbani kwenu kulikuwa na kikombe hicho, uliza jina la mwenyewe leo, kabla hajaondoka wa mwisho wa kukujibu.