Mchumba Wangu wa Jukwaani

Nilijifunza kufa nikiwa na miaka kumi na tisa, katika ukumbi wa kata pale Moshono, juu ya meza mbili zilizounganishwa na kutandikwa shuka jeupe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nikisubiri matokeo, na kusubiri matokeo nyumbani kwetu maana yake ilikuwa kupika, kufua, na kuulizwa kila saa nashika simu ya nini. Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa fasihi, mama aliyehamia mtaa wa pili, alipotangaza kwamba anakusanya vijana wanaokaa bure awafundishe mchezo wa kuigiza, nilijiandikisha kabla mama hajapata nafasi ya kunikatalia.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kale, wa huko Ulaya, na wa huzuni tupu. Koo mbili za mji mmoja zinachukiana mpaka chanzo kimesahaulika. Kijana wa huku anamwona binti wa kule kwenye sherehe, na kabla hata vyombo vya sherehe havijaoshwa wameshafunga ndoa ya siri. Baada ya hapo mambo yanaharibika kwa haraka, mmoja anakunywa sumu, mwingine anajichoma kisu, na wazee wanakuja kupeana mikono mbele ya maiti za watoto wao. Mwalimu aliutafsiri mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho nusu yetu tulikitamka tu bila kukielewa.

Binti nikawa mimi, kwa sababu niliweza kulia nikitaka. Kijana akawa mtoto wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kwa sababu ndiye mvulana pekee aliyeweza kukariri kurasa tatu bila kuchungulia karatasi. Mwalimu alipotutaja, ukumbi mzima ulitazamana. Mtaani kwetu kila mtu alijua kwamba baba yangu na baba yake hawasalimiani.

Haikuwa hivyo zamani. Sisi ni Wameru na Walutheri, wao ni Wachaga wa Kibosho na Wakatoliki, lakini wazee hao wawili walinunua viwanja siku moja, wakaazimana toroli na jembe, na mimi nilikua nikimwita yule mzee baba mkubwa. Kilichowagombanisha ni mbuzi. Kaka yangu alipooa, baba mkubwa alijitolea mbuzi wa ndafu, yule anayebanikwa mzima akaingizwa ukumbini kwa nyimbo, amesimama, majani mdomoni. Mshereheshaji akatangaza kwamba ndafu imetolewa na familia ya bwana harusi. Baba mkubwa akachukua koti lake akaondoka. Kesho yake alisikika akisema mbuzi wake amenyang'anywa jina. Baba akajibu, kupitia kwa mtu, kwamba zawadi inayodai kipaza sauti si zawadi, ni tangazo la biashara. Wiki hiyohiyo jirani akaongeza kozi nne za tofali kwenye ukuta. Baba akasema afadhali, wezi watakoma. Sisi watoto tukaambiwa kwamba yule si baba mkubwa tena, ni yule bwana.

Nyumbani sikumtaja yule kijana, na yeye kwao hakunitaja mimi. Kila familia ilijua mtoto wa jirani yupo ukumbini, ila kila moja iliamini kazi yake ni kupanga viti.

Mpaka hapo sikuwa nimempenda. Nilimjua tangu akiwa na kamasi. Lakini kuna mahali kwenye ule mchezo ambapo binti amekunywa dawa ya kumlaza, kila mtu anadhani amekufa, na kijana anakuja kumlilia. Mimi kazi yangu ilikuwa kulala na kufumba macho. Na yule kijana alikuwa akilia. Alikuwa akiniita kwa sauti ya chini, akinieleza nilivyokuwa mzuri, akiapa kwamba dunia bila mimi hana haja nayo, na machozi ya moto yakinidondokea shingoni. Kila mtu hulia msibani, lakini ni nani hupata bahati ya kusikia anavyoliliwa yeye mwenyewe? Baada ya mazoezi machache nilikuwa nafika ukumbini mapema ili nife mapema.

Tukaanza kusindikizana, yeye upande huu wa barabara, mimi upande ule, tukizungumza kwa simu huku tunaonana. Aliniambia mimi ni msichana wa kwanza anayemsikiliza bila kumkatiza. Sikumkumbusha kwamba wakati huo nakuwa maiti.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Baba alikaa kulia karibu na dirisha, yule bwana akakaa kushoto karibu na mlango, kila mmoja akitazama mbele kama anapigwa picha ya pasipoti. Wakati wa ndoa ya siri, kijana alipopiga magoti na kunishika mikono yote miwili, nikaona kwa pembe ya jicho baba anasimama. Alipita katikati ya viti taratibu, akisema samahani kwa kila aliyemkanyaga. Yule bwana alipoona baba anaondoka kwa hasira, naye akaondoka, nadhani ili isionekane kwamba yeye amekubali. Hawakuona sumu wala kisu, na hawakuona wazee wakipeana mikono. Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia na kitabu chake.

"Wameondoka kabla ya sehemu yao," akasema, akanisukuma nirudi jukwaani nikafe.

Baba hakunipiga wala hakufoka. Alinisubiri sebuleni akaniuliza watu wote wa Arusha wameisha mpaka nimwone yule. Nikamwambia ni mchezo tu. Baba akafikiri, kisha akasema mchezo haushikwi mkono namna ile. Kuanzia siku hiyo nilikatazwa kwenda popote isipokuwa kanisani. Kijana naye kwao aliambiwa atapelekwa Moshi kwa mjomba akauze spea.

Siku chache baadaye alinipigia simu akaniambia twende. Nikamuuliza wapi. Alikuwa hajafikiria sehemu hiyo. Ndipo mimi nikasema twende Kikwe, kwa bibi. Mtu anayetoroka kwa ajili ya mapenzi halafu akakimbilia kwa mama mzazi wa baba yake, ingefaa ajiulize kama kweli anatoroka, lakini siku ile niliona ni akili nyingi sana. Tulipanda bodaboda mshikaki, yeye katikati akimshika dereva, mimi nyuma nikimshika yeye na mfuko wenye nguo mbili na kitabu cha mchezo.

Bibi alikuwa anapukuchua mahindi uani. Tukamwamkia, akaitikia, akamtazama yule kijana kuanzia viatu kwenda juu.

"Na huyu mchumba wangu umemtoa wapi?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza kwamba tunapendana na wazazi wametukataza. Aliniacha nizungumze mpaka mwisho, kisha akampa kijana panga akakate majani ya ng'ombe, na mimi akanipa ungo. Usiku nililala na bibi kitanda kimoja, na mchumba wake akatandikiwa kwenye chumba cha magunia ya mahindi, ambako panya walimtembelea mpaka asubuhi. Sikujua wakati huo kwamba bibi alikuwa ameshampigia baba simu jioni ileile. Alimwambia tupo, tumekula, na asije kabla ya Jumamosi, kwa sababu majani ya ng'ombe yalikuwa yamemshinda na sasa amepata mtu.

Siku ya kwanza tulikuwa na furaha. Siku ya pili bibi alipika loshoro, mahindi na ndizi yaliyopondwa kwa maziwa mgando, chakula ambacho mimi naweza kukila mpaka nikasinzia. Kijana alionja kijiko kimoja akauliza kama kuna chai. Tangu hapo bibi akaacha kumwita mchumba, akawa anamwita mgeni. Mimi nilipata aibu. Nikamwambia angejikaza tu. Yeye akasema amekata majani tangu alfajiri, viganja vimetoka malengelenge, na hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Akanyoosha mikono niione. Nikaona kweli, lakini nilikuwa nimeshakasirika.

Tulikuwa tumekaa kwenye migomba, mahali ambapo kwa haki tungekuwa tunashikana mikono. Ili kupoza mambo nikamwambia, basi nililie kidogo kama ukumbini. Akacheka. Akasema hawezi, dawa ameiacha nyumbani. Nikauliza dawa gani. Akanieleza kwa moyo mweupe kabisa kwamba alikuwa anajipaka dawa ya mafua chini ya macho kabla ya kupanda jukwaani, ile ya kwenye kikopo, inaleta machozi yenyewe. Ile harufu nilikuwa nikiisikia kila siku nikiwa nimelala pale mezani. Nilidhani ana kifua kibaya, na nilikuwa namwonea huruma.

Sikumbuki tulifikaje kwenye mbuzi. Nadhani mimi nilisema familia yao inapenda kujionyesha. Yeye akasema afadhali kujionyesha na mbuzi wako kuliko kujionyesha na mbuzi wa mwenzako. Nikamwambia zawadi ni zawadi. Akaniambia hata asante ni zawadi. Tukaendelea hivyo, sauti zikipanda, maneno yaleyale ya baba zetu, mengine nilikuwa sijui kama nayajua. Alisema habari ya tangazo la biashara ilimliza mama yake. Nikamjibu kwamba kozi nne za tofali zilitunyima jua la kuanikia nguo. Bibi alipopita na ndoo alituuliza kama tumeshaoana. Tukamwambia hapana. Akasema aliuliza tu kwa sababu tunaongea kama waliooana.

Kule Moshono, kama mama alivyonisimulia baadaye, baba alipopokea simu ya bibi alivaa viatu, akatoka, akaenda kugonga geti la jirani. Mama alimfuata kwa nyuma akiogopa ugomvi. Yule bwana alifungua mwenyewe, macho mekundu, maana alikuwa ameshazunguka Nduruma yote kwa rafiki za mwanawe akimtafuta. Wakasimama. Hakuna aliyesalimia.

"Mtoto wako yuko kwa mama yangu," baba akasema. "Mzima. Nimeona si vizuri ulale hujui."

Yule bwana alishika geti kwa mikono yote miwili, kisha akamkaribisha ndani. Baba akasema hapana, akaingia. Mama alirudi nyumbani peke yake. Baba alirudi chai ya jirani ilipoisha, na gari letu likiwa kwa fundi, walikubaliana kwamba Jumamosi watakuja pamoja kwa pikapu ya dukani kwa jirani.

Tuliwasikia kabla hatujawaona. Walikuwa wanabishana njia, kila mmoja akidai anaijua Kikwe kuliko mwenzake, na ubishi wenyewe ulikuwa wa watu waliozoeana. Baba mkubwa, maana ghafla nilijikuta namwita hivyo tena, alishuka na jani la isale alilolikunja fundo. Kwetu na kwao jani hilo ni la kuomba msamaha. Akampa bibi kwa mikono miwili, akasema mtoto wake amevamia boma la watu. Bibi akalipokea, akawakalisha, na jambo la kwanza alilouliza, kwa kuwa harusi ile hakuhudhuria kwa sababu ya magoti, ni kama yule mbuzi alikuwa mtamu.

Wazee wakatazamana. Baba mkubwa akasema yeye aliondoka kabla hajakatwa. Baba akakiri kwamba kwa hasira hakula siku ile. Bibi akawaangalia kwa huruma ya kweli, kama mtu anayesikia chakula kimemwagika.

Ndipo baba akakohoa akatangaza uamuzi wao. Walikuwa wameongea njia nzima. Kwa kuwa vijana wamependana kiasi cha kutoroka, na wao wazee wameona ugomvi hauna faida, basi waoane. Mwalimu wa dini atatafutwa azungumze na padre na mchungaji. Kamati ya harusi ingeanza mwezi ule, na baba mkubwa alikuwa ameshajipa uenyekiti. Walikuwa wanatabasamu wote wawili, na baba yangu si mtu wa kutabasamu hovyo.

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa anatazama malengelenge yake.

"Baba, mimi sitaki," nikasema.

"Hata mimi," akasema yeye, kwa haraka kuliko nilivyopenda.

Sijawahi kuona wazee wakivunjika moyo namna ile. Baba mkubwa aliuliza kama tunafanya mchezo. Baba akasema wao wamevua aibu zao mbele ya mtaa mzima kwa ajili yetu, sasa watawaambia nini watu? Walitukasirikia kwa pamoja, huyu akimalizia sentensi ya yule, na kadiri walivyotukasirikia ndivyo walivyozidi kupatana. Bibi alitoa hoja kwamba basi kijana abaki hadi majani ya wiki ijayo. Hakuungwa mkono.

Tulirudi nyuma ya pikapu, mimi upande mmoja, yeye upande mwingine, katikati yetu mikungu ya ndizi ambayo bibi aliwapa wazee wagawane. Hatukusemezana mpaka Moshono. Mbele walikuwa wanacheka. Nililia kidogo karibu na Tengeru, bila mtu kuona, na sikujua nalilia nini, maana sikumtaka tena na bado ilinikera kwamba naye hakunitaka.

Matokeo yalipotoka mimi nilikwenda kusomea ualimu, yeye akaenda Mwanza. Wazee wetu mpaka leo wanakunywa chai pamoja, na mama analalamika kwamba baba anajua habari za jirani kuliko za nyumbani kwake.

Mwaka jana nilikutana na yule kijana sokoni Tengeru. Amenenepa, ana sauti ya mtu mwenye wafanyakazi. Alikuwa na mkewe, na mkewe ana mtoto mgongoni. Yule dada akauliza tunafahamiana vipi. Nikamwachia mwenyewe ajibu. Akababaika kidogo, kisha akasema mimi ni dada yake wa Moshono. Basi yule dada akanisalimia kwa furaha, akaniita wifi, akamfungua mtoto mgongoni akanipa nimshike ili yeye achague nyanya.