Mito Mia Moja na Ishirini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama Mito anainamisha kichwa juu ya cherehani, anaomba kimya kimya, kisha anaweka mto wake kitini na kuketi. Kola ya kwanza inapita chini ya sindano.

"Naanza na Mungu, uzi unafuata," anasema.

Ana miaka hamsini na mmoja. Kumi na tisa ameitumia katika kiwanda hiki cha mashati. Kila cherehani ina wanawake wawili, mmoja wa zamu ya asubuhi, mwingine ya mchana. Viti ni vya chuma, hivyo kila mmoja ana mto aliojishonea. Mchana, kiti chake hukaliwa na wifi yake, mjane mwenye watoto watatu.

Mwaka huu benki za ng'ambo zilipoyumba, wanunuzi walifuta oda. Serikali ikatangaza mpango wa kunusuru ajira: italipa nusu ya mishahara kwa miezi kumi, mradi kiwanda kisimfukuze yeyote aliyeorodheshwa. Karani wa kiwanda akahesabu kama alivyozoea, mtu mmoja kwa kila cherehani. Akaandika watu sitini, wote wa asubuhi.

Jina la Mama Mito lilikuwemo. "La wifi sikuliona."

Siku hiyohiyo mkaguzi wa serikali alifika, akahesabu cherehani sitini, akatoa kalamu asaini fomu ya karani. Mama Mito akamwomba asubiri. Wenzake wakainuka vitini, naye akafungua kabati wanamohifadhia mito, akatoa ile ya zamu ya mchana na kuipanga juu ya ile ya asubuhi.

"Baba, usihesabu mashine," alimwambia. "Hesabu makalio!"

"Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikamdondoka," wifi anasimulia kama alivyohadithiwa. Kisha akahesabu mito. Fomu ikaandikwa upya.

Hakuna aliyefukuzwa, ingawa siku za kazi zimeshuka kutoka sita hadi tatu kwa wiki. "Nyama siku hizi tunainusa kwa jirani," anatania.

Saa saba mchana wifi anatoa mto wake kabatini. "Haya wifi, inuka, kiti umeshanipashia moto."

Mpango umebakiza miezi miwili. Wiki iliyopita imekuja oda ya mashati elfu nne, ya kwanza tangu mtikisiko.

"Naomba zije nyingine kabla mpango haujaisha," anasema Mama Mito, akirudisha mto wake kabatini. "Nisije nikafungua hapa nikakuta mto usio na mwenyewe."