Kanzu Nyuma ya Kioo

Nianze na mashine yenyewe, kwa sababu nikisema kwamba nyumba yetu ya makuti kule Temeke ilikuwa na mashine ya kufulia wakati wa Mwingereza, wajukuu hudhani nimechanganya miaka. Sijachanganya. Baba yangu alikuwa dobi katika nyumba ya mzungu mmoja huko uzunguni. Mzungu huyo alikuja na mashine ya umeme, sanduku jeupe la bati lenye mlango wa duara kwa mbele, mlango wa kioo. Mota yake ikaungua. Siku zake za kurudi kwao zilipofika, aliiacha nyuma ya banda la kuku. Baba akaiomba, akapewa, akaileta nyumbani kwa rikwama, na watoto wa mtaa wakaifuata kama wanaofuata ngoma.

Umeme hatukuwa nao. Aliyeifanya mashine ifue tena alikuwa fundi baiskeli wa mtaa wetu, rafiki wa baba. Aliing'oa ile mota, akafunga gurudumu la meno la baiskeli nyuma ya pipa la ndani, akapitisha cheni, kisha ubavuni akatokeza pedeli moja. Ukiizungusha kwa mkono, pipa linazunguka, nguo zinapanda na kuanguka, zinapanda na kuanguka. Maji tuliyamimina kwa kopo kupitia tundu la juu. Yakichafuka, tuliyatoa kwa mpira uliokuwa chini, na karibu na mpira huo palikuwa na chujio dogo la kushika vifungo na nyuzi.

Jioni watoto walikaa chini mbele ya kile kioo kama wako sinema.

"Mzee, leo picha gani?"

"Leo shuka zinapigana na soksi," baba anawajibu.

"Nani anashinda?"

"Kaeni mpaka mwisho. Ila anayetaka sehemu ya pili alete debe la maji."

Nao walileta, wakigombania.

Nieleze pia habari ya yule fundi, maana bila hiyo hutaelewa yaliyofuata. Yeye alikuwa Mnyamwezi na sisi Wazaramo, na makabila hayo ni watani tangu siku za misafara. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anaingia kwako, anachukua kuku, anaondoka akicheka. Lakini siku ya kifo, mtani ndiye anayesimama. Wafiwa wanapokosa nguvu, yeye huosha maiti, huingia kaburini, kisha hurudi matangani kuwachekesha wenye msiba ili wale chakula. Kwa kazi hiyo ana haki yake: nguo moja nzuri ya marehemu.

Baba aliitunza mashine kwa desturi tatu, nami nakupa hizohizo. Si ngumu; hata mikono iliyochoka inaziweza. Kila baada ya kufua alisafisha lile chujio. Alipangusa kwa kitambaa kikavu ule mpira wa mviringo unaozuia maji mlangoni, akiingiza kidole mpaka kwenye mkunjo wake, kwa kuwa hapo ndipo uchafu hujificha. Kisha aliuacha mlango wazi, mchana na usiku. Mama alipolalamika kwamba kuku wataingia kutaga, baba alisema, "Waache watage. Chombo hiki maji hayakiui. Kinauawa na unyevu uliofungiwa ndani."

Siku moja ya Alhamisi aliitumbukiza kanzu yake ya Ijumaa ndani ya mashine, akatia maji na sabuni, akafunga mlango, akazungusha kidogo. "Iacheni iloweke," alituambia. "Nikirudi kutoka kuswali alasiri nitaisuuza." Alianguka msikitini akitawadha. Walimrudisha nyumbani wamembeba.

Ukiwa mgeni wa desturi zetu, jua kwamba kwetu palipo na maiti vioo hufunikwa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeshika nyumba siku ile. Alikigeuza ukutani kioo cha chumbani. Alikificha kile kidogo cha kunyolea. Alipotoka uani akauona mlango wa mashine ukimulika jua, akavua kaniki begani, akaufunika.

"Shangazi, hicho si kioo cha kujitazama," nilimwambia.

"Nimejiona ndani yake," alisema. "Kioo ni kioo."

Nani angebishana naye siku kama ile? Wala mimi sikuikumbuka kanzu iliyokuwa mle. Mama aliingia eda, akakaa chumbani na nguo zake za eda. Kazi zote za nyumba zilisimama. Kaniki ikabaki pale pale mpaka arobaini.

Baada ya kisomo cha arobaini, shangazi alizitoa nguo za marehemu zigawiwe. Wanawake walikuwa wamekwisha kuzifua zote kwa mikono, zimekunjwa vizuri, zinanukia sabuni. Mama alizipokea moja moja mlangoni mwa chumba chake, akiinusa kila moja na kuirudisha. Shati. Koti. Vikoi. Akainua uso.

"Kanzu ya Ijumaa iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilikimbia uani nikaivuta ile kaniki. Nyuma ya kioo kulikuwa na maji ya rangi ya chai, na kitambaa kimejibandika kwenye kioo mithili ya shavu la mtu. Nikavuta mlango. Haukutikisika. Shangazi naye akavuta. Kisha akaenda jikoni akarudi na shoka.

"Tuvunje kioo," alisema. "Jambo gani hili?"

Mama akatoka mbio mpaka uani. "Msivunje! Vipande vitaichana." Alisimama kati ya shoka na mashine, akihema. "Nguo zake zote mmezifua, sikuwakataza. Hiyo moja aliivua mwilini mwake akaiweka humo. Nataka niinuse tu. Nikishainusa, mtani aje achukue haki yake."

Shangazi alinitazama, nami nikamtazama. Sote wawili tulijua kwamba kanzu ile ilikuwa imelala ndani ya sabuni muda wote huo.

Nikatumwa kumwita fundi. Alikuja upesi, lakini hakuweza kuingia. Mwanamke aliye edani hakai na mwanamume asiye ndugu yake, na uani kwetu hapakuwa na pa kujificha. Basi alisimama nje ya ua wa makuti, tukaona kofia yake tu. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mashine, akinipa maneno nimpelekee, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Hodi hapo!" aliita fundi. "Wazaramo mmeshindwa hata na mlango?"

"Mwambie," mama akasema, "mlango uliotengenezwa na Mnyamwezi hufungwa ukasahau kufunguka."

"Mwambie shemeji, mie nilitengeneza pedeli. Mlango ni wa Mwingereza. Amlaumu Mwingereza."

Mama alitabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake tangu ile Alhamisi.

Kisha sauti ya fundi ikabadilika, ikawa ya kazini. "Mwanangu, nisikilize. Usivute mlango. Kwanza maji, maana mlango unaoegemewa na maji huwezi kushindana nao. Teremsha mpira wa chini."

Niliuteremsha. Yakadondoka matone, yakakoma.

"Chujio limeziba," alisema kabla sijamweleza. "Lifungue taratibu, kinyume na unavyofunga chupa. Weka karai chini. Na ugeuze pua pembeni, patanuka."

Palinuka kweli. Kwanza lilitoka donge la nyuzi, jeusi, linateleza kama konokono, kisha maji yote yakafuata kwa kishindo mpaka yakafurika karai. Shangazi aliruka akashika khanga yake juu ya magoti.

"Sasa komeo," fundi akaendelea. "Limeshika kutu. Tafuta unyoya wa kuku, uchovye kwenye mafuta ya taa, ulipake pale linapoingilia. Komeo peke yake, mwanangu. Mafuta yakigusa ule mpira wa mlango, utavimba na hautafaa tena. Umepaka? Basi tungoje."

"Tungoje mpaka lini?" shangazi alimuuliza kwa ukali.

"Mpaka kutu inywe. Kwani una safari?"

Tulingoja. Ng'ambo ya makuti fundi alianza kutusimulia jinsi baba alivyojaribu kuendesha baiskeli mara ya kwanza, akaingia nayo katika biashara ya mama mmoja wa maandazi, kisha akabaki kumsaidia kuchoma mengine. Mama aliijua hadithi hiyo, hata akamsahihisha. "Mwambie yalikuwa vitumbua."

Komeo lilipolegea likatoa mlio mdogo. Lakini mlango bado ulikataa.

"Sasa ni ule mpira, umegandamana na kioo," fundi alisema. "Usitumie kisu, nakuomba. Chukua kitambaa, kichovye maji ya moto, ukamue, uukande pande zote kama unavyokanda kifundo kilichoteguka. Halafu mwiko wa mbao. Mpini wake uupitishe pole pole, kidogo hapa, kidogo pale. Unafanya vizuri. Nakusikia pumzi, usiharakishe."

Niliukanda. Nilipitisha mpini. Mlango ukaachia kwa sauti ya mdomo unaobusu, na uvundo wa maji ya zamani ukatujaa.

Niliitoa kanzu kwa mikono miwili. Begani ilikuwa na madoa meusi ya kuvu, na mgongoni alama ya kutu, duara, pale ilipogandamizwa na pipa. Mama hakungoja niikamue. Aliichukua hivyo hivyo ikichuruzika, akauzika uso wake ndani.

Shangazi aligeukia jikoni akajifanya anatafuta kitu.

"Mwambie mtani," mama akasema hatimaye, na maji ya kanzu yakimtiririka kidevuni, "inanuka chuma."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Nilingoja mzaha, maana mtani hakosi mzaha, na mara hii haukuja.

"Mwambie shemeji," alisema baadaye, taratibu sana, "siku ile nilipomwosha, na mie nilimtafuta. Nilisikia kafuri tu."

Mama aliikunja ile kanzu mapajani, mbichi vile vile. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya mazishi. Fundi hakuondoka. Tuliiona kofia yake juu ya makuti mpaka mama aliponyamaza.

"Haki ya mtu haitolewi ikiwa hivi," mama alisema akijifuta uso. "Tuifue."

Nikasafisha pipa kwa majivu, nikasuuza, nikapangusa mpira kwa kitambaa na kidole kama alivyokuwa akifanya baba. Madoa ya kuvu na ya kutu tuliyakamulia ndimu na chumvi, tukaianika kanzu juani mpaka ndimu ikakauka. Ukipatwa na kutu kwenye nguo nyeupe, fanya hivyo, na urudie bila kukata tamaa. Huondoka kidogo kidogo. Kisha tukaitia ndani ya mashine, tukafunga mlango. Nilipoikamata pedeli, mama aliniondoa mkono.

Alizungusha mwenyewe. Alikaa chini kwenye mchanga mbele ya kioo, pale walipokuwa wakikaa watoto, mkono mmoja kwenye pedeli. Kanzu ilikuwa ikipanda, mikono yake mitupu ikajinyoosha, kisha ikaanguka. Ikapanda tena. Aliitazama mpaka mwisho. Aliposimama, mlango aliuacha wazi.

Ile alama ya mgongoni haikutoka yote. Ilibaki hafifu, kama alama ya kikombe juu ya kitambaa cha meza. Niliikunja kanzu nikampelekea fundi, naye aliipokea kwa mikono miwili.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa nguo nyingine, akatoka kwa mara ya kwanza mpaka barazani. Ilikuwa Ijumaa. Watu walikuwa wakitoka msikitini, na kati yao mgongo mmoja ukapita mbele yetu, una duara hafifu katikati. Mama alishika nguzo ya baraza. Baba alikuwa mrefu. Fundi alikuwa mfupi, na pindo la kanzu lilikuwa likifagia vumbi nyuma yake.

"Inaburuzika chini," mama alisema. Akaitazama mpaka ikakata kona. "Nenda kaiombe. Mwambie nitaikata."

Fundi aliivua akanipa, akabaki na kikoi mlangoni pake. "Mwambie shemeji asinikatie kaptula," alisema, lakini sauti yake haikucheka sawasawa.

Mama aliitandaza magotini. Kabla ya kushika mkasi aliileta usoni, kwa mazoea. Nilikuwa karibu, hata mimi niliisikia harufu: jasho la mtu mzima, na mafuta ya cheni ya baiskeli. Alipima kwa shibiri, akaukata ule urefu wa baba uliozidi, akaipiga pindo.