Grini Tatu Nilizoziua Pwani ya Kusini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye uwanja wa gofu, sikupewa mashine. Nilipewa ufito mrefu wa plastiki unaopinda ukiutikisa, na Mkuu wa Uwanja, mzee wa Kiingereza mwenye masikio mekundu mwaka mzima, akanituma nikapanguse umande. Nilidhani ananitania. Mtu nimetoka Tanga mpaka huku, halafu naambiwa nikayafute majani maji? Lakini ndiyo ilikuwa kazi. Umande ukilala juu ya grini, yaani lile zulia la majani mafupi lenye shimo na bendera, huleta ukungu, ule ugonjwa wa majani, nao huacha mabaka ya njano. Basi kila asubuhi lazima mtu apite akiupeperusha ufito kulia na kushoto mpaka grini nzima ibadilike rangi. Siku ile nilipita grini kumi na nane, viatu vimelowa hadi soksi.

Nilipomaliza, Mkuu alikuja akainama, akaweka kiganja kwenye majani. "Wachezaji hawatakujua jina," akaniambia. "Grini ikiwa nzuri watamsifu Kapteni wa klabu. Ikiwa mbaya, hapo ndipo watakapouliza ni nani."

Naandika haya nikiwa Small Heath, Birmingham, ambako bahari haiko karibu hata kidogo. Vijana wetu wa hapa, Watanzania na Wakenya, wameanzisha kikundi cha gofu. Katibu wao, Hamisi, alinijia nyumbani na simu mkononi. "Mzee Bakari, tuna-plan trip ya summer kwenda south coast," akasema. "Wewe umefanya kazi kule maisha yako yote. Tuandikie tu list ya courses, na kila course tuichezeje." Nikamwambia nitaandika. Orodha mtaipata, Hamisi. Ila katika uwanja wa tatu kuna habari yangu na ya Wafula, na nikiiacha nje nitakuwa nimewadanganya na ninyi pia. Nimeshadanganya vya kutosha.

Uwanja wa kwanza, ule wa ufito, uko Kent, juu ya vilima vya mchanga kando ya bahari. Nyasi zake ni nyembamba kama nywele na ardhi hainywi mbolea nyingi. Mkuu alinifundisha kwamba uwanja wa mchangani hauuawi na njaa, unauawa na shibe. Ukiulisha sana huota majani mapana, laini, ya hovyo. Mkienda pale msirushe mpira juu. Upepo unaotoka baharini hauna adabu, utaupeleka mpira wako kwa jirani. Piga chini, uviringike, ardhi yenyewe itaufikisha. Na asubuhi mkikuta mtu anakata shimo jipya kwenye grini, simameni mumsubiri. Shimo huhamishwa kila siku ili majani ya pembeni yasichakae kwa kukanyagwa, na mkono ukitetemeka wakati wa kukata, mdomo wa shimo unapinda na mpira mzuri hautaingia. Nilikaa pale miaka sita.

Wa pili uko Sussex, juu ya majabali meupe ya chokaa. Huko nilipelekwa kuwa mwendesha mashine. Mkuu wa pale alikuwa mtu mkimya aliyezungumza zaidi na mashine kuliko na sisi. Kila majira ya baridi bahari ilimega kipande cha jabali, na kila majira ya kuchipua tulisogeza uzio ndani hatua mbili tatu. Siku moja nilimuuliza itakuwaje uzio ukifika kwenye grini. Akaniambia, "Tutasogeza grini. Kisha tutastaafu." Mkicheza pale angalieni shimo linalofuata ukingo: lengeni kushoto zaidi kuliko macho yanavyowaambia, maana kulia hakuna kitu. Nina hakika baadhi ya majani niliyoyakata mimi sasa yako majini. Nilikuwa nikilisikitikia sana jambo hilo. Leo nalitamani, maana kilichomegwa na bahari hakuna anayeulizwa.

Wa tatu uko Dorset, kati ya vichaka vya nyika na ghuba. Ni mzuri kuliko yote, na mkiwa na siku moja tu nendeni huo. Hapo ndipo nilipomkuta Wafula.

Wafula ni Mkenya wa Bungoma. Kabla ya kuja huku alikuwa akipulizia dawa kwenye mashamba ya maua Naivasha, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemfikia, hata Wazungu walijua. Akisikiliza mlio wa bomba aliweza kukwambia ni pua ipi, yaani tundu la kutolea dawa, imeziba. Tulikuwa Waafrika wawili tu, kwa hiyo tulikula pamoja ndani ya banda la mashine, na Jumamosi alisonga ugali kwenye jiko la gesi huku akinicheka kwa jinsi nilivyotaka samaki kila siku. Aliniita ndugu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupulizia.

Mkuu wa uwanja ule alikuwa mwanajeshi mstaafu. Kwake kisichoandikwa hakijafanyika. Tulikuwa na tangi moja la dawa, linalobebwa na trekta, na tangi hilo lilitumika kwa kila kitu: leo dawa ya kuua magugu njiani, kesho chakula cha majani kwenye grini. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja na haina mjadala. Ukishatumia dawa ya kuua, tangi unalisuuza mara tatu, pamoja na mabomba na pua zake zote, kisha unaandika kwenye daftari la dawa na kutia sahihi. Kazi hiyo inachukua saa nzima na zaidi.

Ijumaa moja nilipulizia dawa ya magugu kwenye maegesho na kando ya njia. Dada yangu alikuwa anamfanyia mwanawe akika hapa Birmingham, na basi langu lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Nikamwaga dawa iliyobaki, lakini ile ya kwenye kitako cha tangi na ndani ya mabomba haimwagiki, hiyo huondolewa kwa kusuuza. Sikusuuza hata mara moja. Nikafungua daftari, nikaandika "limesuuzwa mara tatu", nikasaini. Nilijiambia Jumatatu nitawahi nilisuuze kabla hajaligusa mtu. Nikaenda kula pilau.

Kumbe wiki ya pili yake kulikuwa na mashindano ya Kapteni, na asubuhi ya Jumamosi Mkuu akamwambia Wafula aziwekee grini ayani, ile dawa ya maji yenye madini ya chuma inayoyapa majani kijani cha kung'aa. Wafula akafungua daftari, akasoma nilichoandika, akajaza tangi. Alifika grini ya tatu mvua ikamkatiza. Mvua ile iliokoa kumi na tano zilizobaki.

Dawa ya kuua magugu haina haraka. Niliporudi Jumatatu kila kitu kilikuwa kijani, na mtu aliponiambia Wafula ameshaweka ayani nilikwenda nikayatazama yale majani yanayong'aa, nikajipa moyo. Siku ya tisa ikatokea mistari ya njano, mipana sawasawa na upana wa bomba la kupulizia. Siku ya kumi na mbili ikawa rangi ya majani makavu ya chai. Grini tatu, zenye nyasi za miaka mingi, zimekufa mistari mistari mbele ya wageni.

Mkuu alituita bandani. Alifungua daftari mezani, akaweka kidole. "Bakari amesuuza mara tatu, amesaini. Tangi lilikuwa safi." Kisha akamgeukia Wafula. "Ulichukua mtungi gani?"

Ayani na dawa ya magugu vilikaa rafu moja, mitungi yote miwili myeupe. Wafula aliitazama. Namjua, alikuwa anajaribu kuiona tena asubuhi ile kichwani.

"Nafikiri nilichukua wa ayani, sir."

"Unafikiri?"

Wafula akasema kwa sauti ndogo, "Sina uhakika."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya klabu. Nawaeleza hilo mjue lilivyokuwa, si kwamba linanisafisha. Mdomo nilikuwa nao na sikuufungua. Wafula alifukuzwa siku hiyohiyo, na mimi ndiye niliyembebea begi hadi stesheni. Kwenye jukwaa la treni alinishika bega. "Usijali, ndugu. Makosa ni yangu," akasema. "Wewe chunga kazi yako."

Nikaichunga. Nilikata mabamba ya nyasi kutoka kwenye kitalu, nikazipandikiza upya grini tatu kwa mikono yangu, nikawa naibu, na mwanajeshi alipostaafu nikawa Mkuu wa Uwanja. Wageni walitoka mbali kuja kuzisifia grini zangu. Niliongoza uwanja ule mpaka magoti yalipokataa, na katika miaka yote hiyo hakuna kijana niliyemsisitizia jambo kama kusuuza tangi. Waliniona mtu makini.

Nilipostaafu, binti yangu Zuhura, yule aliyezaliwa katika nyumba ya klabu, alinichukua niishi naye hapa Small Heath. Mtu wa kwanza kuja kunikaribisha alikuwa Wafula. Kumbe baada ya kufukuzwa alikuja Birmingham kwa binamu yake, akaingia ghala moja Washwood Heath kubeba maboksi, na ndiko alikomalizia nguvu zake. Anaishi Alum Rock na mkewe, Mama Nekesa. Alikuja na unga wa ugali na samaki wa kukaanga, akacheka kwamba bado anakumbuka ulafi wangu. Akanionyesha mabasi, akanipeleka kujiandikisha kwa daktari. Kila wema alionifanyia ulinichoma, na kila mara nilisema asante, ndugu.

Siku Hamisi alipokuja na wenzake kuulizia orodha, Wafula alikuwepo. Hamisi akamwambia, "Na wewe mzee, twende wote, utatuonyesha."

Wafula akatikisa kichwa huku akicheka. "Mimi huko siwezi rudi. Si mimi ndio niliua greens zao tatu? Nilibeba mtungi ya weedkiller nikidhani ni iron. Niliwamaliza kabisa."

Vijana wakaangua kicheko. Zuhura naye akasema, "Uncle, seriously?" Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.

Siku ya tatu yake nilipanda basi hadi Alum Rock. Mama Nekesa alikuwa ameenda kanisani. Wafula alikuwa anatazama mpira, akaninyanyulia mkono nikae. Nilimwambia yote kwa mara moja, bila kuzunguka, maana ningezunguka nisingefika.

Akazima televisheni. "Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Lakini uliandika mara tatu. Mimi nilisoma. Nilisoma kabla nijaze maji."

"Niliandika uongo, Wafula."

Alikaa akitazama mikono yake. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi, umri wetu huu.

"Nekesa akiwa mdogo alikuwa anashikwa na homa sana," akasema. "Mama yake akiwa job, mimi sikuwa nampimia dawa. Nilikuwa nagonga kwa jirani, Mpakistani mmoja hivi, namwambia tafadhali nipimie hii syrup. Alidhani sijui kusoma. Nikaacha tu adhani hivyo." Akavigeuza viganja vyake. "Niliitwa kazi ya spray, farm mbili. Nilikataa. Niliwaambia mikono yangu haiko sawa."

Nikamwomba radhi. Nililia, sioni haya kusema. Yeye hakulia.

"Yule boss yuko wapi?" akauliza.

"Alishakufa."

"Na wale wengine?"

"Hayupo hata mmoja. Walioko sasa hawajui kama grini zile ziliwahi kufa."

"Basi niende nimwambie nani kwamba haikuwa mimi?"

Nikasema nitawaambia wale vijana. "Hao walicheka, Mzee," akasema. Tangu siku ile haniiti ndugu, ananiita Mzee, kwa heshima zote.

Kwa hiyo, Hamisi, hivyo ndivyo viwanja vyako vitatu. Hamkujua mliyemcheka mlipomcheka Wafula, na sasa mmejua. Mkienda Dorset mtapiga mipira kwenye grini tatu za mwanzo na hamtaona pa kuungia, kwa sababu nilizipanda vizuri na msimu mmoja ulizitosha. Watu hunipongeza kwa kustaafu salama. Nakaa dirishani naangalia mabasi ya Coventry Road, na najua kwamba mtu aliyekuwa hodari kuliko sisi sote katika kazi ile alibeba maboksi maisha yake yote kwa sababu ya maneno matatu ya mwandiko wangu. Nilidhani nikisema ukweli nitamrudishia kitu. Nilichelewa mno, na nafikiri nilisema kwa ajili yangu zaidi kuliko yake.

Juzi nilimpigia simu Mama Nekesa, kwa kuwa Wafula hapokei simu yangu. Wafula ana presha na hunywa vidonge kila siku. Nilimuuliza kama siku hizi Wafula anavitoa mwenyewe kwenye pakiti, maana sasa ameshajua kwamba mikono yake haikuwa na kosa. Akasema hapana. Bado yeye ndiye anayemwekea mezani kila asubuhi, viwili, na Wafula huvihesabu mbele yake, kisha humuuliza kama kweli ndivyo vyenyewe.