Daftari la Mama Kutoka Barafuni

Mwaka ule nilikuwa mlinzi katika hoteli moja ya West Bay, jijini Doha, upande wa kukagua wanawake. Kila asubuhi basi la kampuni lilituchukua kutoka nyumba yetu ya Al Thumama na kutushusha mlango wa nyuma, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa wa wageni. Kazi yangu ilikuwa kupitisha mikoba kwenye mashine, kupekua nguo za yule ambaye king'ora kimemlilia, na kutabasamu. Hilo la mwisho lilikuwa kwenye mkataba, limeandikwa kabisa.

Mwezi wa Juni ukaja mkutano wa wataalamu wa wanyama wa kaskazini ya mbali, huko ambako bahari huganda. Kwa nini watu wa barafu waje kukutana Doha katikati ya joto kama lile, hakuna aliyeniambia, na nadhani hakuna aliyejua. Ndani viyoyozi viliwashwa mpaka vidole vikaniganda. Kwenye ukumbi wa mapokezi walisimamisha dubu aliyechongwa kwa barafu, na chini yake beseni la kukinga maji. Watu waliopanda ndege kuvuka nusu ya dunia ili waje kusikitikia barafu inayoyeyuka walipanga foleni kupiga picha na dubu anayeyeyuka. Nilitazama kama kuna atakayeona aibu. Hakuna.

Siku ya kwanza nilisikia kipaza sauti kikisema karibu, na tena karibu, nikadhani mwenyekiti amejifunza neno la kwetu ili atufurahishe sisi wafanyakazi. Kumbe ndivyo anavyoitwa mnyama wao, wa jamii ya kulungu, mwenye pembe kama matawi makavu, anayehama na makundi makubwa kufuata malisho. Mkutano wote ulikuwa juu yake: amebaki kiasi gani, anapita wapi, anakwenda kuisha au la.

Ndipo akaja mama mmoja mzee, mfupi, uso umeungua kwa baridi kama nyuso za kwetu zinavyoungua kwa jua. Mkoba wake ulipopita kwenye mashine niliona kisu. Akakitoa mwenyewe, akanigeuzia mpini: kisu cha ubapa wa mviringo kama nusu ya sahani. Aliniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba ni cha kuchunia ngozi, kilikuwa cha mama yake, na waandalizi ndio waliomwomba aje na kitu cha kuonyesha. Nilimweleza kwamba kisu hakiingii ukumbini, nitamtunzia kwenye kaunta. Hakubisha. Nilipomwita mama aliuliza maana yake, nikamwambia, akasema basi niendelee.

Katika siku zile alikuwa akija kukaa kwenye kiti cha karibu na kaunta yangu, maana ukumbini, alisema, kila mtu alimsalimu kwa huruma na kuondoka. Alinisimulia kwamba yeye ni mwindaji, mjane wa mwindaji. Mkobani alikuwa na daftari nene lenye jalada la ngozi. Mama yake ndiye aliyelianza, naye akaendelea: kila majira ya kuchipua, wanyama wamevuka mto sehemu gani, wangapi wana ndama, wamenona au wamekonda, barafu ya mto imepasuka lini. Maisha ya wanawake wawili yalikuwa mle ndani.

Nilielewa haraka, kwa sababu kabla ya Doha nami niliwahi kuajiriwa na watafiti. Walikuja kwetu Taita kuhesabu tembo, wakanipa kofia na kadi ya kuning'iniza shingoni. Niliwaambia tembo hawapiti pale walipoweka kamera zao, wameacha njia ile tangu uzio ulipojengwa, sasa wanapita nyuma ya shule. Mkubwa wao aliitikia kwa kichwa kwa adabu na kuziacha kamera palepale. Zilipiga picha za mbuzi wa shangazi yangu kwa miezi. Ripoti ilipotoka ilisema tembo wamepungua eneo lile, na mwishoni ikatushukuru wenyeji kwa ukarimu.

Siku ya pili niliwekwa kusimama ndani ya ukumbi. Msemaji mkuu alikuwa profesa mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuandikwa anapozungumza. Alionyesha ramani yenye rangi nyingi, na katikati pameachwa peupe. Hapo, alisema, hakuna taarifa zozote. Mama akanyoosha mkono wenye daftari. Hapo ndipo kwao. Profesa akamwona, akamtabasamia, akaendelea mpaka akala dakika zake zote na za mama pia, aliyepangiwa kuzungumza baada yake. Mwenyekiti akaomba radhi kwamba muda umekwisha, akamwuliza mama kama angependa kutufungia kikao kwa wimbo wa kwao.

"Sikuja kuimba," mama akasema, akarudi kukaa.

Watu wakapiga makofi. Mpaka leo sijui walimpigia nani.

Siku ya tatu, saa ya chakula, mama aliacha mkoba wake kwenye kaunta akaenda kula. Hazikupita dakika kumi, profesa akaja na simu yake mkononi. Akaniambia yule bibi amemtuma daftari. Nikamwomba kadi ya mzigo. Akasema kadi anayo bibi. Nikamwambia basi aje bibi. Alicheka kidogo, akanieleza, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba anataka kupiga picha kurasa chache tu, kwamba ni jambo la sayansi na mimi siwezi kujua uzito wake.

Alipoona sisogei, alimwita supavaiza, Mganda mmoja mpole ambaye kila mgeni mwenye suti alimtoa jasho. Supavaiza hata hakuuliza kilichotokea.

"Dada, mpe mheshimiwa daftari," akasema. "Tusiharibu mkutano wa watu."

"Si lake," nikamjibu. "Ukitaka, litoe wewe kwa mkono wako, niandike kwamba ni wewe uliyelitoa."

Hakulitoa. Tulisimama hivyo mpaka mama akatokea. Nikamwuliza mbele yao kama alimtuma mtu. Akasema hakumtuma mtu, na kwamba jana alikuwa tayari kulisoma lote, bure, mbele ya kila mtu. Profesa akaanza kueleza kuhusu kikao kijacho na ushirikiano na jina la mama kuwekwa mwanzoni mwa shukrani. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akaketi kwenye kile kiti chake, akafungua daftari, akanisomea mimi. Alisoma kwa lugha yake kwanza, halafu kwa Kiingereza: mwaka wa maji mengi, mwaka ambao ndama walizaliwa kwenye mvua wakafa, mwaka ambao kundi halikuja na watu wakala samaki tu. Profesa alisimama pembeni na simu yake, akainua mkono kurekodi, mama akamtazama, akaushusha. Baadaye akaondoka. Alikuwa na hotuba ya kufunga.

Jioni mama alichukua kisu chake akaenda uwanja wa ndege. Mimi kesho yake nilihamishiwa lango la maegesho, nje, kwa kosa la kutomheshimu mgeni. Supavaiza aliniletea barua hiyo huku akiangalia viatu vyake.

Mama aliniandikia mwezi wa Agosti. Profesa alikuwa ameomba ruhusa ya kufanya utafiti kijijini kwao, na wazee wakamjibu kwamba aje akae nao majira mazima ya kuchipua, atasomewa kila kitu. Alijibu kwamba ratiba yake haimruhusu. Nilicheka peke yangu kwenye kibanda cha lango mpaka dereva mmoja akapiga honi.

Nilimjibu mama kwamba sasa nafanya kazi nje, nikamweleza joto lilivyo. Akauliza watu wanawezaje kuishi mahali kama hapo. Nilimwandikia kwamba wengi wetu hatuishi hapa, tunafanya kazi tu, kisha nikanyanyua kizuizi, magari yakaingia.