Matanga ya Kaka Nyuma ya Yasmini

Mama yangu alipanda uzio wa yasmini ili amfiche kaka. Parsele yetu ya Kasenga, nyumba na kiwanja chake, ilikuwa wazi barabarani, na miaka ile ya vita kila kundi lenye bunduki lilikuwa linatafuta vijana wa kubeba masanduku ya risasi mpaka milimani. Waliopanda wengi, walioshuka wachache. Kaka alikuwa na mabega mapana, masikini, basi akawa anashinda ndani kutwa, jasho linamtiririka.

Mama aliomba vijiti kwa masista, akavichomeka kando ya barabara, akavimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Majirani wakanung'unika. Kwetu mtu akiziba parsele, watasema anataka kula peke yake. "Muwaache waseme," mama alijibu.

Uzio ukashika, ukanipita kichwa, na hata kiangazi majani hayakupukutika. Kaka akaanza kukaa nje, anamenya mihogo. Jamani, raha iliyoje kumwona tena juani!

Kitu ambacho mama hakukifikiria ni harufu. Mvua zilipoanza, uzio ulijaa maua meupe pe, na harufu ikashika barabara nzima. Wapita njia wakawa wanasimama kunusa. Alasiri moja akasimama mwenye bunduki.

"Mama, haya maua iko ya nini?" aliuliza, mkono tayari unasukuma matawi. "Kwetu tunayapanda ku makaburi."

Kaka alikuwa upande wa pili, kisu cha mihogo mkononi. Mama alitoka mbio, akaziba njia ya kuingilia.

"Hata hapa iko kaburi," alisema. "Mutoto wangu mwanaume iko mule. Vita ilitukataza kufika makaburini."

Yule mtu akavua kofia. "Pole, mama." Akaenda zake.

Mama akakaa chini pale pale. Kumzika mtoto mzima kwa mdomo wake! Alitema mate kuyafukuza maneno yale, akalia, akamshika kaka uso kwa mikono miwili asimwachie.

Kumbe habari ilishatembea. Kesho yake shangazi, dada ya baba, akafika kutoka Mulongwe pamoja na majirani wetu, wale wale waliotuita wachoyo. Walikuja na unga na kuni kichwani, wanalia tangu njiani.

Mama alimvuta shangazi ndani. Kaka akasimama. "Shangazi, usilie. Miye niko hai."

Shangazi alimpapasa uso, mabega, vidole. Akakaa chini, akacheka mpaka akakosa pumzi. Halafu akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka mpaka kwenye uzio, na akiwa ameelekea barabarani akapiga yowe kubwa kuliko lile la njiani: "Woyi! Mutoto wetu weee!"

Wanawake wengine waliingia mmoja mmoja, wakamwona, wakatoka na kulia kwa nguvu zaidi. Nami nililia nao, moyo mweupe kabisa. Tangu siku ile hakuna mwenye bunduki aliyekuja kumuulizia.

Ndani, kaka alikuwa anakula bugali ya matanga yake. Akaomba aongezewe.